Fahali wa Mbao wa Baba Nyandeng

Lodwar, Jumatatu, Juni 2013

Upepo umeanza kabla sijamaliza chai, na mchanga umeingia hadi kwenye sukari. Siku kama hii mashine ya kukereza mbao haiguswi, kwa hivyo nimebaki na kazi niliyoikimbia tangu jana: kuandika.

Jana nilimpeleka fahali Kakuma.

Nyandeng alifariki mwezi uliopita. Malaria, baada ya mvua. Mimi na yeye tulikuwa tukitengeneza wanyama wa mbao wenye kutembea. Mimi nilikereza mti wa mathenge hapa Lodwar. Yeye, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alifungua deki za DVD zilizokufa na kuchomoa mota zake ndogo. Nikimaliza mnyama nampelekea, naye anamtia uhai. Mbuni wetu wa kwanza alikimbia akaangusha ndoo ya maji ya jirani, tukacheka hadi tukafukuzwa. Wateja walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Hatukujali sana.

Fahali huyu hakuwa wa kuuza. Alikuwa wa baba yake. Mzee alikuwa na fahali wake kwao Sudan Kusini, mweusi mwenye kifua cheupe, akimwimbia kama Wadinka wanavyowaimbia mafahali wao. Vita vikamchukua fahali huyo. Nilipokereza pembe mbili sawasawa, Nyandeng aliniuliza kama nimewahi kuona ng'ombe aliyetoka kiwandani. Pembe ya kushoto ya fahali wa mzee ilipindwa tangu akiwa mdogo, ikatazama chini. Niliona haya, maana sisi Waturkana pia tunapinda pembe za mafahali tunaowapenda. Mashine haikerezi pembe ya namna hiyo. Niliichonga kwa kisu.

Ndani ya shingo aliweka maikrofoni ya simu mbovu. Ukimwimbia fahali, anageuza kichwa kukutazama. Nyandeng alimjaribu kwa kuimba mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya mto. Akaniletea nimpake rangi, akarudi Kakuma, akaugua.

Jana mzee alinipokea kwa salamu ya kwetu, "Ejok, Ekai." Nilimweka fahali juu ya kiti, nikamwasha. Mzee akainua mikono kichwani kama pembe, wa kushoto ameupinda, akaanza kuimba. Sauti ilitoka ndogo, imekauka. Fahali hakugeuka. Akaimba tena.

Hakugeuka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikakumbuka: nyuma ya shingo kuna skrubu inayopanga fahali asikie sauti ya ukubwa gani, na Nyandeng aliikaza kwa kipimo cha sauti yake. Nikatoa bisibisi. Nikamwambia mzee nikiilegeza kidogo tu, fahali atamsikia hata akinong'ona.

Akanishika mkono.

"Wacha, mwanangu. Hii ni yeye alifunga. Ukigusa, inakuwa ng'ombe ya mimi na wewe. Sisi tuko. Yeye hayuko."

"Lakini Baba, hatageuka kamwe."

"Si neno. Mimi nitaimba tu."

Niliudhika, kusema kweli. Nimesafiri na mnyama mapajani njia nzima, nimemfunika shuka kama mtoto mchanga, halafu asigeuke? Lakini haikuwa hasira ya safari. Nilitaka kile kichwa kigeuke kwa sababu ilikuwa kazi ya Nyandeng, na mimi nilitaka kumwona Nyandeng akifanya kazi mara moja tena tu. Hapo nikalia. Sikulia mazikoni. Nililia mbele ya mfiwa mwenyewe, na badala ya mimi kumfariji, yeye ndiye akawa ananipigapiga mgongo.

Nilipoaga, alikuwa ameinua mikono tena. Anaimba ile sauti yake ndogo, na fahali anatazama mbele.

Nyuma ya nyumba nina gogo zuri la mathenge, limekauka vizuri. Tulilipangia ngamia, na Nyandeng alikuwa ameshapata mota za miguu yote minne. Nitamkereza ngamia huyo wiki hii. Atakuwa ngamia wa kusimama tu.