Nusu ya Kushoto

Portland, 14 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Habari za San Bernardino, na goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, tena nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Hii ni wiki ya tatu ya ndoa na bado Wendell ananipikia kahawa kila asubuhi, kisha anakaa kunitazama nikinywa kama mtu aliyekata tiketi. Mvua hainyamazi huku, nami naiona kama shanga.

Nasikia Mwewe, timu yetu ya besiboli, wamesajili mrushaji mwingine wa bei mbaya. Sasa wana nyota wanne. Baba, mwaka huu lazima wafike mtoano wa Oktoba, maana uliapa kwenye karamu yetu ya harusi kwamba hutakanyaga nyumba ya shabiki wa timu ya Dubu kama Wendell mpaka Mwewe wafike huko. Shangazi zangu walicheka. Mimi sikucheka, nakujua. Ni miaka kumi na moja sasa hawajafika.

Tumenunua viti vitatu. Cha tatu ni chako.

Binti yako, Ofelia

San Bernardino, 2 Julai

Binti yangu,

Salamu nyingi. Goti linalalamika, mimi silalamiki. Nimekutumia karatasi ya mechi ya jana. Nusu ya kulia nimeiandika kwa penseli kama kawaida, kila pigo la Mwewe. Nusu ya kushoto, ya timu ya wageni, ilikuwa kazi yako tangu una miaka saba. Nimeiacha wazi.

Mzee Tran wa kiti cha nyuma uwanjani akachungulia. "Evaristo, wageni hawakucheza leo?"

"Wamecheza," nikamwambia. "Ndiyo maana tumefungwa."

Nyota watatu walikosa mpira wakifuatana. Wa nne anauguza kidole.

Huyo wa Dubu msalimie.

Baba yako

Portland, 24 Septemba

Baba yangu,

U hali gani? Sisi wazima, na mimi nampenda huyu mtu kuliko jana.

Wendell aliiona ile nusu tupu. Kesho yake akanunua penseli. Tangu Julai anasikiliza mechi redioni huku anaandika, ulimi nje kama mtoto wa shule. Na sasa sikia hili: Jumapili ni Mwewe na Dubu, mshindi anaingia mtoano, na Wendell anasema atawashangilia Mwewe. Rafiki zake wamemwambia, "Msaliti mkubwa, usije kwetu kula tena." Akawajibu, "Dubu nimewashangilia tangu utotoni. Baba mkwe nimemwona mara moja tu."

Nilimbusu mbele yao wote.

Binti yako, Ofelia

Portland, 30 Septemba

Baba,

Najua hujalala vizuri. Tumefungwa kwa mkimbio mmoja tu, minne kwa mitatu. Wendell alizima redio akaenda kukiegemeza kiti chako ukutani. Mimi nikakirudisha mezani. Hii hapa nusu ya kushoto, ameiandika yote mwenyewe.

Nakukumbuka sana.

Ofelia wako

San Bernardino, 8 Oktoba

Binti yangu Ofelia,

Natumaini nyote hamjambo. Nimezibandika nusu mbili kwa gundi nikazipitia na Mzee Tran.

Raundi ya tisa, mpira ulipita katikati ya miguu ya nyota wetu wa mamilioni, Dubu wakapata mkimbio wa ushindi. Niliona kwa macho yangu. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, angeandika kosa. Huyo mumeo ameandika pigo safi la Dubu, ili kijana wetu asionekane amekosea. Na kando yake, kwa herufi ndogo, ameandika "jua lilimpiga machoni". Kulikuwa na mawingu.

Tran alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Kwa miaka arobaini sijawahi kuwafichia Mwewe kosa hata moja, na huyu amewafichia katika mechi waliyofungwa na timu yake.

Uandishi wa namna hii hauwezi kuachwa hivyo. Kiapo nimekivunja hapo hapo, Tran akiwa shahidi. Nafika kwa treni Alhamisi, saa nne asubuhi, na tamale za shangazi yako, zile za unga wa mahindi.

Mwambie mkwe wangu achonge penseli tatu.

Baba yako