Mibuni ya Mama na Zamu Zako za Sataranji

Mpemba, Tunduma
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Alinanuswe,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo wewe, na wifi yangu Violet hajambo? Joto la Mwanza mnalionaje? Huku mvua inanyesha karibu kila siku, na sote tu wazima wa mwili. Kile kikohozi kilichonisumbua Krismasi kimepona kabisa. Kilichobaki kifuani ni hasira, nayo ni yako.

Nimeshika kalamu kwa sababu kila nikikupigia unasema uko kikaoni. Shemeji yako Watson anapeleka mzigo Mwanza, nimemwagiza akukabidhi barua hii mkononi, na asinywe chai yako mpaka uisome yote.

Kwanza, asante kwa ile sataranji uliyoniwekea kwenye simu. Imekuwa ugonjwa. Dukani wateja wakipungua nacheza na kompyuta, nafungwa, naanza upya. Wewe ulijisifu sebuleni kwa Mama kwamba unaifunga kila siku. Mwanangu Gloria, aliyekaa nyuma yako, anasema kila ulipokosea ulibonyeza pale pa kurudisha kete. Hilo nimelicheka na nimekusamehe.

Lile jingine sijakusamehe.

Katika mchezo ule kuna wakati nimejipanga vizuri, mfalme wangu amejificha, na kama ningeachwa nitulie hakuna wa kunigusa. Tatizo ni kwamba zamu ikifika lazima usogeze kitu. Nasogeza, nabomoa ukuta wangu mwenyewe, kompyuta inaingia. Juzi nilikuwa nafungwa namna hiyo nikakumbuka ulivyonijibu nilipokuuliza pesa ya Mama inaendeleaje: "Dada, soko linasogea, na mimi lazima nisogee." Niliweka simu kaunta, mchezo sikuumaliza.

Nani alikwambia ilikuwa zamu yako? Mama alikupa milioni sita uziweke mahali zitulie. Wewe kila mwezi umeuza hisa hizi ukanunua zile, ukahamia kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji, ukarudi kwenye hisa. Kuuza kuna makato, kununua kuna makato, na dalali wako anakula kotekote. Wewe mwenyewe umekiri kwamba bei hazikuanguka. Milioni mbili zimekwisha kwa kuhamahama tu, Alinanuswe. Na umesoma sekondari ukiishi kwangu, hapahapa mpakani! Ulikuwa unamwona mtu anabadili shilingi kuwa kwacha za Zambia, kisha anazibadili tena kuwa shilingi, anarudi na pungufu wakati hajanunua hata sabuni. Ulikuwa unawacheka watu wa hivyo.

Kwa kuwa uko mbali, nikueleze shamba lilivyo. Mibuni ya zamani tuliing'oa yote baada ya mavuno, kwa sababu ulimhakikishia Mama kwamba pesa ipo, itamlisha miaka mitatu mpaka mipya izae. Ile ilikuwa imezeeka lakini ilikuwa inazaa. Sasa pale pana miche ambayo haijanifika magotini. Mama amepiga hesabu zake, ameona zilizobaki hazitafika mwaka wa tatu, basi hataki kuzigusa hata kidogo. Anakwenda kibarua. Mama yetu anapalilia mahindi ya Lusubilo, huyohuyo aliyekuwa anakuja kwetu kuchuma kahawa kwa ujira. Nilimkuta kule mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni, Lusubilo anashindwa hata kunitazama. Nilirudi Tunduma nalia njia nzima, na kondakta akadhani nimefiwa.

Sitaki kusikia habari za kampuni mpya ambayo eti inapanda. Zilizobaki ziache hapohapo zilipo. Vidole vikikuwasha, cheza na kompyuta, haina makato na inakuvumilia unaporudisha kete.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama nikamwambia nakuandikia, nikidhani atanipa maneno makali ya kuongezea. Alikuwa anafunika miche kwa nyasi kuzunguka shina. Alimaliza mstari kwanza, ndipo akasema, "Muulize kama ana nauli ya kuja Pasaka. Kama hana, itolewe kwenye hizo zilizobaki."

Nilitaka kukuficha maneno hayo, maana hustahili kuyasikia. Nimeyaandika kwa sababu ni yake. Jibu umpe yeye, si mimi, na usithubutu kuichukua hiyo nauli. Kopa, uza saa yako, panda lori na Watson, vyovyote, ila Pasaka nikuone shambani kwa Mama, na jembe uwe nalo wewe.

Msalimie sana Violet. Kitenge chake cha Zambia kimo kwenye mfuko wa Watson. Yeye sina ugomvi naye. Gloria anakusalimu na anauliza kama bado unaifunga kompyuta.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na kazi njema, na hiyo mikono yako aifunge mpaka Pasaka, isiuze wala isinunue.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira hizi,

Jenista