Mabamba ya Bahari

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Uji wa watoto, halafu ufuoni mwa ziwa kumpelekea mume wangu, Baba Achieng, chakula. Boti yetu imejaa abiria wa Kendu Bay. Rosa tena amekaa mbele. Yule mjane wa Nyalenda anayeuza samaki wa mbuta. Boti ikishika mwendo pua inapanda juu, hata Baba Achieng kwenye usukani haoni anakokwenda. Lazima mtu mzito akae mbele. Mzito ni Rosa. Najua anamtazama mume wangu safari nzima, na mume wangu anamtazama yeye. Aka! Roho inaniuma.

Alhamisi, 5 Agosti
Baba Achieng mezani: "Bila Rosa hii boti haitulii." Mbele ya watoto! Sijalala vizuri.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimekwenda kwa Wafula, fundi wa injini za boti. Nimemwuliza pua inashushwa na nini kama si mwanamke. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe kuna mabamba mawili ya chuma. Yanafungwa nyuma, chini, moja kila upande. Maji yakiyasukuma, nyuma inainuka, pua inashuka. Basi! Rosa kwisha.

Jumatano, 11 Agosti
Pesa zangu zote za chama cha akina mama zimeingia dukani. Kuna aina mbili. Madogo ya alumini, ya ziwa. Makubwa yasiyoshika kutu, ya maji ya chumvi, yametoka Mombasa. Wafula anasema madogo yanatosha, boti ni fupi, makubwa yataizamisha pua. Baba Achieng naye: ziwa letu lina chumvi gani? Wanaume wanajua kuongea. Nimechukua makubwa. Sitaki hata kuku akae pale mbele.

Baba Achieng amenishika mkono mbele ya mwenye duka. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, 16 Agosti
Yamefungwa. Rosa amekuja na beseni lake, akaelekea mbele. Baba Achieng amemzuia. Nimecheka wazi, sikujificha.

Wameondoka. Yawa! Pua imechimba maji. Abiria wamelowa wote, mama mmoja anamwita Yesu. Wamerudi. Wafula ameangalia mabamba, akaniangalia mimi. Sasa mzito anatakiwa nyuma. Nyuma ni kwenye benchi la usukani.

Nimesema nitakaa mimi. Wafula amenipima kwa macho. Ati mimi mwepesi.

Nimesema basi yang'olewe. Baba Achieng: "Kwani si wewe ulichagua? Watu wanangoja." Rosa amepita katikati ya watu, amekaa. Bega kwa bega. Namchukia. Namchukia na beseni lake.

Ijumaa, 20 Agosti
Ziwa limetulia. Boti imeondoka vizuri, pua haiko juu wala chini, hakuna aliyelowa. Kutoka ufuoni nimeona migongo miwili tu.

Mama mmoja muuza dagaa wa omena amenisimamisha. "Mama Achieng, boti yenu siku hizi inakwenda sawa kabisa."

Nimesema asante. Ni mimi niliyechagua.