Majivu ya Golikipa

Wifi Glenys,

Maua yako yalifika. Mvua bado haijatuacha. Majivu ya kaka yako Ronnie nilikabidhiwa Alhamisi kule walikomchoma. Klabu aliyoidakia miaka kumi na tisa, huku akijenga nyumba za watu, iliniomba niyamwage golini. Nikamwaga, wakapiga makofi.

Kesho yake nikakuta mashine inafagia lile kapeti lao la nyasi za plastiki. Mwenyekiti hata haya hana: "Maureen mama, leo kuna mechi. Uwanja sharti ufagiliwe."

Nilimzoa Ronnie kwenye pipa walikomwaga taka za mashine, katikati ya mabaki ya pai za mashabiki. Sasa yuko jikoni, kachanganyika na chembe nyeusi za mpira wa matairi wanazomwaga uwanjani. Nimejaribu kwa chekeche la unga. Hazitengani naye.

Wifi yako,
Maureen