Beki wa Kushoto

Kadzo mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mamako hajambo, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini niliacha kucheza mpira, miguu ikiwa bado ina nguvu, nikawa kocha. Miaka ile ya arobaini timu ilikuwa na mabeki wawili tu. Pale chuo cha ualimu mimi nilikuwa wa kulia, rafiki yangu Charo wa kushoto. Mpira ukija juu nilimwita, "Upo?" Akijibu, "Nipo!" niliruka bila hofu.

Vita vikamchukua Charo, wala havikumrudisha. Mechi ya kwanza bila yeye, hapa hapa Changamwe, niliita kama kawaida. Beki mpya aliyeshika nafasi yake hakujua la kujibu. Nikasimama nikingoja sauti, wakatufunga. Siku ile ile nikavua jezi, nikaenda kufundisha vijana. Kabla ya kuwafundisha kupiga mpira, niliwafundisha kuitikiana.

Tangu tumzike bibi yako, nyumba imekuwa kubwa mno. Asubuhi nikiamka naita, "Upo?" Halafu nakumbuka.

Nawe uko mbali, peke yako. Usiniandikie mengi, Kadzo. Niitikie tu.

Babu yako