Watoto Wasioletwa Kituoni

Jumanne, 7 Oktoba
Lushebere. Mlima mwingine tena. Nyumba kwa nyumba, tope hadi kwenye soksi. Mnachota maji wapi, choo kipo, mnakula nini. Waliotutangulia chuo cha udaktari walianzia hospitali moja kwa moja. Sisi ndio wa kwanza kutumwa vijijini kabla ya hospitali, kusoma afya ya watu wote, si ya mgonjwa mmoja. Mwenzangu yuko Itebero, msituni, labda anachukia kuliko mimi. Profesa alisema tuwatafute hata wasiokuja kituoni. Rahisi kusema ukiwa Goma. Mimi nataka upasuaji. Maharage ya Papa Faustin, mwuguzi mkuu wa kituo, yalikuwa matamu. Hilo tu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Watoto wanatapika. Wanaletwa jioni baada ya kula: kizunguzungu, kichwa, miguu imelegea. Tumepima malaria, hakuna. Wengi asubuhi wanaamka wanadai chakula. Mmoja wao, Baraka, hajaamka vizuri. Miguu yake haimsikii. Mama yake hatoki kando ya kitanda.

Wote wamekula bugali wa unga wa mihogo wa Mama Nyota, mjane anayeuza sokoni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Neno limeshatoka: karuho. Sumu ya mkono wa mtu. Mjane, anaishi peke yake, unga ni wake. Watu hawakuhitaji zaidi. Vijana wamempa hadi Jumapili baada ya ibada. Aondoke mlimani, la sivyo nyumba inachomwa.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mikono mapajani.

"Dokita, ile bunga na mimi ninaikulaka."

Nikamuuliza anavyoutengeneza unga. Zamani mihogo ililala majini siku tatu. Sasa usiku mmoja tu, kwa sababu wezi wanaibeba kule kijitoni. Nikaelewa papo hapo. Mihogo michungu ina sumu yake yenyewe, na ni maji yanayoitoa. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikawakumbuka vijana. Nikienda kusema sumu imo ndani ya unga wake, nani atasikiliza maneno yatakayofuata?

Papa Faustin naye kasema ninyamaze kwanza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimepanda upande wa juu, ambako hawanunui unga wa mtu, nione kama na huko watoto wanaumwa. Kila mlango jibu moja: huku hakuna mugonjwa. Nikakaribia kurudi. Nyuma ya nyumba moja nikaona mtoto amelazwa kwenye mkeka, midomo mikavu, matapishi yamefukiwa kwa majivu. Mama yake, Mama Furaha, akaanza kulia.

"Wakijua alitapika, watasema karuho iko na kwetu. Njo maana tulimuficha."

Mihogo yake mwenyewe, kaisaga mwenyewe. Usiku mmoja majini. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ile ya mbele yake. Kituoni tungewangoja hawa mpaka lini? Nimewaomba akina mama waje kesho waseme. Hakuna aliyeahidi. Naogopa. Nimekula nusu sahani.

Jumapili, 12 Oktoba
Ibada iliisha, hakuna aliyekwenda nyumbani. Mama Nyota alisimamishwa mbele. Nikaomba nafasi ya kusema. Sikuhubiri. Niliuliza tu: msimu huu nani ameacha mihogo yake ikalala majini siku tatu?

Watu wakatazama chini. Nilijua nimeshindwa.

Kisha Mama Furaha akajitokeza, mtoto mgongoni.

"Wangu alitapika. Mihogo ni yangu, bunga ni yangu. Kwa huyu mama sikununua kitu."

Jirani yake akafuata, na mwingine. Mwisho mama yake Baraka, aliyekuwa ameshinda kituoni siku zote hizi:

"Hata mimi, yangu ninaitoshaka mu maji mbio, usiku moya tu. Bote tunaogopa bezi ba mihogo."

Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Chifu akaamuru mihogo yote ilowekwe mahali pamoja, na vijana hao hao wailinde kwa zamu. Mama Nyota akabaki amesimama. Hakuna aliyemwomba msamaha. Hilo limenikasirisha kuliko yote, na bado linanikera.

Jumatano, 15 Oktoba
Mvua ndogo. Baraka anatembea, anavuta mguu wa kushoto. Papa Faustin hajui kama utapona. Mimi pia sijui. Nimemwandikia profesa yote, pamoja na hilo la mguu.

Asubuhi nilishuka kijitoni. Akina mama walikuwa wanatia mihogo kwenye kidimbwi kipya, wanacheka na mlinzi aliyesinzia. Mama Nyota alikuja mwisho. Akatafuta pembe yake, mbali na wengine, akainama kuweka chini ndoo yake ya mihogo.

Mama yake Baraka akainuka, akaichukua ile ndoo, akamwaga mihogo iliyomo juu ya ile yake mwenyewe. Kisha akarudi kuketi, akasogea kidogo kumwachia nafasi kwenye jiwe.

Watagawana mihogo siku ya kuitoa majini.