Ubeti wa Tatu

Caney Branch, Kentucky
Aprili 17, 1988

Mpendwa binamu Delmer,

Pokea salamu za bonde zima. Natumaini barua hii inakukuta u mzima huko Alaska, na kwamba barafu imeshakuachia mlango ukafunguka. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua, tumbo linanitangulia kila mahali kama mgeni rasmi, na sauti imebaki ya chura, ila Jumamosi bado wananipa gitaa kwa heshima ya zamani. Mama yako, Shangazi Versie, ametimiza miaka themanini na miwili na bado anapasua kuni mwenyewe. Ukimsaidia anakununia.

Vilima vimechanua maua meupe, vile ulivyokuwa ukivipenda.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu, maana unajua mimi na kalamu ni kama paka na maji.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa redio kutoka Lexington, kinasa sauti begani. Anakusanya visa vilivyo nyuma ya nyimbo za kale za kantri, na alitaka kisa cha "Watu Saba wa Caney". Nikamketisha barazani, nikasafisha koo, nikaanza hadithi yangu ya siku zote: jinsi paa la mgodi wa makaa lilivyoporomoka Februari ile ya sitini na tatu, jinsi nilivyosimama kwenye theluji nikilia, na maneno yakanishukia yenyewe kutoka mbinguni. Miaka ishirini na tano naisimulia hivyo. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuiamini.

Cleta, mjane wa Harlow Sizemore, alikuwa jikoni na mke wangu Wilma wakikata viazi vya mbegu. Akatoka na kisu mkononi.

"Arlis, mwambie mgeni nani hayumo."

"Hayumo wapi, dada Cleta?"

"Usinifanye mjinga. Kwenye wimbo."

Mama wa redio akasogeza kinasa sauti. Nami, binamu, nilitamani baraza linimeze pamoja na gitaa langu.

Basi nikausema ukweli. Kwamba asubuhi ile uliingia mgodini, ukatundika kibati chako cha shaba chenye jina kwenye ubao wa walio mgodini, kama kila mtu. Kwamba jino lilikuzidi, ukatoka, ukavuka mlima kwenda kwa dada yako Opal, ukasahau kukitungua. Kwamba Harlow alikuja mbio kushika nafasi yako, asikumbuke kutundika chake. Paa lilipoanguka, ubao ulisema Delmer, haukusema Harlow. Na mimi, mwenye miaka ishirini na mitatu na haraka ya kusifiwa, sikungoja hata maiti zitolewe. Nilisoma majina saba ubaoni, nikayapanga, na Jumamosi nikayaimba redioni. Wewe nilikuua katika ubeti wa tatu.

Opal alinisimulia ulivyokuwa jikoni kwake, shavu limefungwa kitambaa, theluji imeziba njia, redio inakuzika. "Ubeti mmoja tu?" ulisema. "Arlis mchoyo huyu!" Ukacheka mpaka jino likakutoa machozi. Ulikuwa bado hujajua nani alikuwa amesimama mahali pako.

Maiti zilipotolewa, wimbo ulikwisha ondoka. Mwimbaji mkubwa wa Nashville aliuchukua, nchi nzima ikauimba, na masikio yangu yakajaa makofi. Ningeweza kuurekebisha wiki ileile. Sikuurekebisha. Machi ukapanda basi, kwa sababu hukuweza kumtazama Cleta usoni. Naye akabaki hapa, kila Mei, siku ya kupamba makaburi, akisikiliza watu saba wakitajwa na mumewe asiwemo.

Nilipomaliza nilidhani atanirushia kiazi. Akaketi.

"Siku ile Harlow hakuwa na zamu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfukuza. Alikuwa ananizungukazunguka jikoni, anaonja kila chungu. Nikamwona Delmer anapita ameshika shavu, nikamwambia, nenda kazini wewe mwanamume, nafasi iko wazi. Nikampa kopo lake la chakula, nikafunga mlango."

Hakuna aliyelijua jambo hilo. Hata Wilma, ambaye hujua kila kitu siku mbili kabla hakijatokea.

"Mwandikie yule mwoga wa Alaska," akaendelea, akifuta kisu kwenye aproni. "Mwambie alikimbia na jino lake, akaniacha na mlango wangu. Angebaki, kila mmoja angekuwa na mtu wa kukaa naye."

Nikasema basi, Jumapili ya mwisho ya Mei nitauimba upya pale makaburini, Harlow aingie. Akanikatalia katakata. "Hufungui kinywa mpaka Delmer awe benchi ya mbele. Mtu uliyemuua hadharani umfufue hadharani."

Kuna jambo jingine hulijui. Wimbo ukifika ubeti wa tatu, mama yako huinuka na kusema anakwenda kutazama kuku. Hufanya hivyo hata kanisani, na kanisani hakuna kuku. Mwaka jana nilimfuata. Alikuwa amesimama langoni, anaitazama barabara.

Njoo, Delmer. Wilma ataoka keki ya matofaa makavu, tutatandika blanketi nyasini kama zamani, na Opal atalalamika kuhusu sisimizi. Siahidi kwamba hutalia. Mimi nimeanza tayari, na ni Aprili.

Msalimie mkeo Agnes na watoto tunaowajua kwa picha tu. Wilma na Opal wanakusalimu sana. Cleta hakusema nikusalimie, lakini amesimama begani kwangu kuhakikisha naandika. Mama yako sijamwambia chochote; sitaki aitazame barabara zaidi ya anavyoitazama.

Ubeti wa tatu nimekwisha uandika upya. Umemkaa Harlow kama koti lake mwenyewe. Kwa hiyo hata ukitaka kuendelea kuwa marehemu, binamu, nafasi hiyo imepata mwenyewe. Kwako imebaki benchi.

Mungu akuvushe theluji yote iliyo kati yetu.

Wako akupendaye, aliyekuua mara moja na hajapata kukuomba radhi,

Arlis